Shuka Lenye Tundu

Niulizeni habari za sikio la kushoto, nitawajibu mpaka mchoke. Niulizeni habari za sikio la kulia, nitawaambia mkamuulize mwenyewe, mlango unaofuata, na mkifika kwake msinitaje, maana tangu tulipokula kiapo tumesemezana mara moja tu. Hatukugombana. Tulikosa tu la kuzungumza. Yeye ana lake, mimi nina langu, na kati yetu kuna ukuta na kichwa cha mtu.

Ndiyo, kichwa cha mtu. Chekeni tu, hata mimi nacheka siku hizi. Lakini wakati ule, ndani ya Nyumba, hapakuwa na cha kuchekesha. Kama ungeniambia kwamba kati ya masikio mawili kuna mtu, ningekuuliza huyo mtu ni kiungo gani, na mlango wake ni wa ngapi.

Nyumba haikuwa na jina kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine ya kuichanganya nayo. Ilikuwa korido moja ndefu isiyoonekana mwisho, yenye milango huku na huku. Kila mlango na tabibu wake, kila tabibu na kiungo chake, na kila mlango na saa yake. Kwenye Mlango wa Mifupa ilikuwa alfajiri daima, na wenyewe walifanya kazi wakipiga miayo. Kwenye Mlango wa Tumbo ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Kwangu ilikuwa saa nne asubuhi, saa ya chai, na chai yenyewe siku zote ilikuwa imeshapoa. Mgonjwa aliyesukumwa kwenye machela kutoka mlango mmoja hadi mwingine alivuka saa na miaka bila kuondoka chini ya paa lile. Wengine waliingia langoni vijana wakafika mlango wa mwisho wana mvi. Sisi hatukuliona hilo. Mvi zilikuwa za Mlango wa Nywele.

Langoni alikaa Bi Mkasi, mwanamke mnene wa makamo, na majora ya kitambaa cheupe yamemzunguka. Siku nilipofika alinitazama kutoka unyayo hadi utosi, akakunjua shuka, akakata tundu moja dogo, kra, kra, akanitandikia mikononi. "Hili ndilo lako," akasema. "Utamfunika mgonjwa, utatazama hapa tu. Kinachoonekana ni chako. Kisichoonekana hakipo." Kisha akaniapisha kwa maneno hayo, akanidai jina langu. Nikampa. Nilikuwa na jina, naapa, na watu walionizoea, na mlango wa nyumbani uliokwaruza sakafu ukifunguliwa. Baada ya kumpa, mambo hayo yalinirudia mara mojamoja, kama kuhisi kwamba umeacha kitu mekoni na hukumbuki ni nini.

Na salamu zilipigwa marufuku. Hili wageni hawalielewi, wanadhani tulikuwa watu wasio na adabu. Fikirini wenyewe. Ukimwuliza mtu umeamkaje, atakujibu kwa mwili wake wote. Atakutajia usingizi, mgongo, mtoto aliyekohoa, chakula kilichomlalia tumboni. Sikio la kushoto halina jibu la umeamkaje. Sikio la kushoto linasikia au halisikii, basi. Kwa hiyo mgonjwa alipoletwa tulisema tu, "Kiungo kinasemaje?", na kazi ikaanza.

Wala nisiwadanganye kwamba tulikuwa wajinga. Nilikuwa hodari, bwana. Nilijua milio kumi na moja ya sikio la kushoto na dawa ya kila mmoja. Nilimtoa mzee mmoja kwenye ukiziwi wa miaka ishirini kwa kijiti na mafuta ya nazi vuguvugu, akalia aliposikia shuka lenyewe linavyochakarisha. Tundu dogo hukufundisha kutazama. Anayetazama kila kitu haoni upele mmoja ulioota mahali pasipo pake, mimi niliuona. Nililipenda tundu langu. Ilinitosha dunia yenye ukubwa wa kiganja.

Basi siku moja, saa nne asubuhi kama kawaida, machela ikaingia na mtu aliyefunikwa gubigubi. Nikatandika shuka langu, nikaliweka tundu mahali pake.

"Sikio linasemaje?"

"Linapiga ngoma, tabibu." Sauti ya mwanamke mtu mzima, imechoka. "Inapiga, inapiga. Nikipanda ngazi inakimbia. Nikilala inatembea. Na miguu yangu, tabibu, tangu zamani hii miguu…"

"Miguu si ya hapa, mama. Mlango wa kumi na tisa, mkono wa kulia."

"Nisamehe."

"Usijali. Ngoma inanyamaza lini?"

"Nikitafuna."

Hapo. Simameni hapo kidogo. Mwanafunzi wa siku ya kwanza angeuliza, unatafuna nini? Mimi sikuuliza. Kutafuna kulikuwa kwa Meno, na sikutaka Meno waje kunisomea kiapo. Nikatia mafuta, nikatia pamba, nikafungua daftari langu nikaandika: *Ngoma, mlio wa nne. Ndewe ina matundu mawili ya hereni, moja juu ya jingine, la juu limeziba. Si ugonjwa.*

Akarudi mara ya pili. Akarudi mara ya tatu, ya nne. Kila alipokuja sikio lilikuwa limezidi kuwa jeupe, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisifu. Nilidhani ni mafuta yangu yanasafisha. Nilimwambia, "Sikio lako linapendeza sasa, mama," naye akanishukuru.

Mahali pekee tulipokutana matabibu ni kwenye mtungi wa maji, katikati ya korido, na hapo sheria ilikuwa kwamba wagonjwa hawazungumzwi. Tulizungumza bei ya vitunguu huko nje, ambako hatujawahi kurudi. Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Mlango wa Kucha, tukimwita Bi Kucha, mtani wangu mkubwa, mdomo wake hauna breki.

"We Kushoto," akaniambia siku ile, "umekonda. Au kukonda nako kuna mlango wake?"

"Kunywa maji uende zako."

Hakwenda. Alitazama huku, akatazama kule, akasogea. "Nina mwanamke mmoja, kucha zake zimebonyea katikati. Ukidondosha tone la maji linatuama, halimwagiki. Nimepaka kila nilichonacho. Na chini ya kucha kuna udongo mwekundu. Si wa shamba, huo naujua. Ni ule wa kula. Niliula sana nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza."

"Wewe uliwahi kuwa na mimba?" nikashtuka.

"Kumbe wewe ulidhani nilizaliwa nikiwa kucha tupu?"

Nikacheka, kisha nikakumbuka. "Wangu anatafuna," nikasema.

"Anatafuna nini?"

"Sijui. Sikuuliza."

Bwana mmoja wa Mlango wa Kifua, aliyekuwa akijifanya hasikii, akasema bila kugeuka, kana kwamba anauambia mtungi: "Yupo mmoja kwangu anahema kama amekimbizwa, na hajatoka machelani." Akaweka kikombe, akaondoka haraka kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu, nalo ni kwamba mwanamke mmoja anaweza kuwa na sikio na kucha na kifua kwa wakati mmoja. Msinicheke sasa. Mtu ni nini? Ni milango mingapi ikikusanywa ndipo anapatikana? Ukimtoa sikio bado yupo, ukimtoa kucha bado yupo, ukimtoa mguu bado yupo na analalamika. Basi yeye mwenyewe anakaa wapi? Kama hakai kwenye mlango wowote, sisi kina nani tumekuwa tukimtibu nani?

"Si kazi yetu," nikasema kwa woga.

"Ni kazi ya nani, basi?"

"Kila mtu na lake, Bi Kucha."

"Nimekuuliza ni kazi ya nani, Kushoto. Nitajie mlango, nimpeleke sasa hivi."

Ndipo tukaenda langoni, mimi nyuma yake, tukamkuta Bi Mkasi anakunja vitambaa. Bi Kucha akamweleza yote na kumwomba tufunue mara moja tu, mgonjwa mmoja tu, tumtazame mzima.

Bi Mkasi hakufoka. Ningependa angefoka.

"Mnadhani nilizaliwa na mkasi mkononi," akasema. "Kabla ya mashuka palikuwa na matabibu wa kila kitu, wanangu. Kila mmoja alijua kidogo cha kila kitu. Nami nilikuwa mmoja wao. Tabibu mmoja aling'oa jino asubuhi, adhuhuri akazalisha, alasiri akapasua jipu kwa kisu kilekile. Mwanangu Riziki aliota uvimbe shingoni. Mwenzangu akautazama, akasema, haya madogo, nayajua. Akaukata. Hakujua kinachopita chini yake. Alinifia hapa mapajani, na yule bwana akaniambia kwa upole, 'Mama Riziki, nimejitahidi.' Amejitahidi!" Akakunja kitambaa kingine. "Shuka la kwanza nililikata kwenye kitambaa kilichobaki cha sanda yake. Nikasema hatakufa mtu tena kwa sababu ya mtu anayejua nusu."

Tabu ya Bi Mkasi ni kwamba alikuwa na haki. Nilimwonea huruma.

"Mkifunua," akaendelea, "mtaona mengi msiyoyajua, mtaona haya kusema hamyajui, mtaanza kujifanya. Na wewe, Kushoto, ukifunua hutakuwa Sikio tena. Nitalichukua shuka lako, utoke nje ya lango hili. Utakuwa nani huko? Jina lako nililichukua mimi, na sikumbuki nimeliweka wapi."

Tukarudi. Hofu yangu naisema waziwazi: sikuogopa mgonjwa kufa, niliogopa kutoka nje nisiwe mtu. Bi Kucha aliufikia mlango wake, akauegemea, akasema, "Haya. Tukaandike madaftari yetu."

Mara ya saba walipomleta, machela haikutoa sauti yoyote. Nikatandika shuka, nikaliweka tundu. Sikio lilikuwa baridi.

"Sikio linasemaje?"

Akachelewa kujibu. "Halisemi," akanong'ona. "Ngoma imenyamaza, tabibu."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha! Mlio wa nne ni mgumu kuliko yote kumi na moja, nami nimeushinda. Nikafungua daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: *AMEPONA*. Nikapiga mstari chini yake. Halafu msukuma machela, mtu asiyewahi kusema neno, akanikabidhi madaftari ya milango mingine niyapange, kwa kuwa mgonjwa akipona ilikuwa zamu ya mlango uliomtibu mwisho kuyapanga. Daftari la Miguu: hana maumivu tena, amepona. La Kifua: hahemi kwa kasi tena, amepona. La Tumbo: haombi chakula, hatapiki, amepona. La Kucha lilikuwa na neno hilohilo, lakini Bi Kucha alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Milango yote imemponya siku moja, na mkono wangu uliokuwa juu ya sikio lake ulikuwa unagandishwa na baridi yake.

Nikatazama tundu langu. Sikuwa na pengine pa kutazama. Nikaiona ndewe, nyeupe kama karatasi niliyokuwa nikiandikia, na matundu yake mawili. *Si ugonjwa.* Kweli si ugonjwa. Ni sindano iliyopita pembeni. Ilipita pembeni kwa sababu mkono wa aliyeishika ulitetemeka, na aliyetobolewa alikuwa msichana wa miaka sita aliyekaa kwenye kigoda bila kulia, na aliyelia ni mwenye sindano, na mama yake mtoto alisema kutoka mekoni, "Baba Zamaradi, mkono wako si wa kazi hii, ngoja damu ikatike ndipo urudie." Na damu ilikuwa nyekundu. Ilikuwa nyekundu, nyingi, iling'aa kwenye vidole vyangu, nikashangaa kwamba mtoto mdogo vile ana damu nyingi vile.

Vidole vyangu. Mimi. Mwenye sindano.

Lilianguka daftari, ikaanguka kalamu, nikashika pindo la shuka langu zuri nililolipenda kuliko kitu chochote, nikalivuta lote mpaka likadondoka sakafuni.

Alikuwa mzima. Nataka mnielewe: alikuwa na kila kitu. Alikuwa na mvi. Mwanangu niliyemwacha na miaka sita alikuwa na mvi, na mimi kidevuni sina hata moja, kwani kwangu ilikuwa saa nne ya siku ileile. Midomo yake ilikuwa imepasuka pembeni. Ulimi ulikuwa laini na mweupe. Viganja vyake havikuwa na rangi hata kwenye mistari. Nikamwona wote kwa mara moja, na nikiwa namwona hivyo nilijua kwa hakika kwamba sijui kitu. Najua milio kumi na moja. Mwanangu anakufa kwa kitu kisicho na mlio.

"Baba," akasema, bila mshangao wowote, "umechelewa kidogo."

Nikapiga kelele. Katika Nyumba ile mtu hakuwahi kupiga kelele. Sikuita kiungo, sikujua kiungo gani cha kuita, niliita tu, "Jamani! Jamani njooni!" Milango ikafunguka huku na huku, na saa zote zikamwagika koridoni kwa pamoja, alfajiri ya Mifupa ikaingia kwenye adhuhuri ya Tumbo, watu wakawa wanafumba macho. Wakaja na mashuka yao begani. Bi Kucha alitangulia. Akashika mkono wa Zamaradi, akaniambia, "Ndizo. Ndizo kucha zangu." Bwana wa Kifua akasema, "Ndicho kifua changu." Yule wa Miguu akasema, na machozi yanamtoka, "Aliniambia nyayo zimekuwa zikiwasha tangu utoto, nikampaka dawa ya mwasho." Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kila kipande kilikuwa sahihi, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua vipande vile vinasema nini vikiwekwa pamoja.

Kisha umati ukapasuka katikati. Bi Mkasi, na mkasi mkononi.

Nikasimama mbele ya machela. "Chukua shuka," nikamwambia. "Nitoe nje, nisiwe na jina, sawa. Lakini mwache kwanza."

Alikuwa hanitazami mimi. Alimtazama mwanamke aliyelala pale, jinsi anavyotazama mtu aliyeingia chumba alichokifunga miaka mingi. Akaweka mkasi chini. Akainama, akavuta kope la chini la Zamaradi kwa kidole gumba, polepole, akaangalia ndani. Palikuwa peupe.

"Safura," akasema.

Neno hilo hakuna aliyelijua. "Ni ya mlango gani?" akauliza kijana mmoja wa Pua.

"Haina mlango, mjinga wewe! Hana damu. Minyoo imeingilia kwenye nyayo, imejibanza tumboni, inamnywa kidogokidogo miaka yote hii. Moyo unahangaika kusukuma kisichokuwepo, ndiyo ngoma yenu hiyo ya sikioni. Kifua kinatafuta hewa, hakuna cha kuibebea. Anakula udongo kwa sababu mwili unalilia kilichopungua. Kila mtoto wa tabibu zamani alilijua hili kabla hajaruhusiwa kushika kisu." Akakaa chini sakafuni, palepale. "Na mimi ndiye niliyeikata damu. Nilipogawa mwili, nilitafuta mahali pa kukata tundu la damu, sikupaona, kwa sababu ipo kila mahali. Nikasema basi, iacheni. Ee Mola wangu, nikasema iacheni!"

"Bi Mkasi," akasema Bi Kucha, akipiga magoti karibu naye, "lia baadaye. Tunafanyaje sasa?"

Akasimama. Nawaambia alisimama kama msichana. Akaagiza sahani nyeupe, sindano, mipira ya kupitishia damu. Akamtoboa kila mmoja wetu kidole, tone kwa tone, akichanganya na tone la mgonjwa na kutazama. Yangu ikawa ya kwanza, nilisukuma watu ili iwe ya kwanza. Ikafanya madonge papo hapo. "Inakataa," akasema. Damu ya baba, ikakataa. Ya Bi Kucha ikakataa. Ya Kifua ikakataa. Tukaendelea hivyo mpaka akamfikia mtu mmoja mfupi, mwoga, aliyekuwa amejificha nyuma ya wote na mkono ameshautoa.

"Inakubali," akasema Bi Mkasi. "Wewe ni nani?"

"Sikio la Kulia," akajibu.

Alilala kwenye machela sambamba na mwanangu, na damu yake ikapita mpirani ikamwingia. Nikasimama kati yao. Nilitazama mpaka ndewe ile ikaanza kurudiwa na rangi, kwanza kwa chini, kwenye tundu langu la pili, lile nililolipatia. Ndipo nikageuka kwa yule jirani wa miaka sijui mingapi.

"Habari za huko kwako?" nikamwuliza.

"Nzuri," akasema, akilia. "Ukuta una unyevu kidogo."

Mngetegemea niseme kwamba siku ile tulichoma mashuka. Hatukuchoma. Tulibishana, tena kwa ukali, kwa muda ambao katika saa za kawaida ungekuwa siku tisa. Bwana wa Kifua alisema kila atakachojifunza cha mwenzake kitasukuma nje kitu chake. Macho walisema hawataki kurudi kwenye zama za watu wa nusu, na Bi Mkasi mwenyewe, aliyekuwa na sababu kuliko wote, aliwaunga mkono. Halafu tulipokubaliana kwamba lazima kuwe na kitu ambacho kila tabibu anakijua, balaa ndiyo ikaanza, maana kila mlango ulitaka chake kiwe ndicho. Meno wakataka yote thelathini na mawili yaingie kwa majina. Mimi, naona aibu kusema, nilipigania milio kumi na moja.

Aliyetuokoa ni Bi Kucha. Alisimama juu ya kigoda akasema, "Sikilizeni, nyie. Kucha zangu ziondoeni. Sitaki mlio wa mtu wala jino la mtu. Nataka kile tu ambacho usipokijua, mtu atafia mikononi mwako na wewe umeandika amepona."

Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kidogo, kilienea kwenye mkono mmoja wa kitambaa: pumzi, na damu, na joto la mwili, na maji yanayoingia na kutoka, na namna ya kumuuliza mtu, na mwisho kabisa, kwa mwandiko wa Bi Mkasi, *kusema sijui, na kumwita anayejua*. Aliandika hilo la mwisho akilitaja jina la Riziki. Sasa anayefika langoni hapewi shuka siku hiyo. Anakaa kwanza kwenye chumba cha Bi Mkasi, kisicho na mlango wala saa yake, anajifunza hayo pamoja na wenzake wote, Pua na Goti na Nyongo benchi moja, mpaka Bi Mkasi aridhike, na yule mama haridhiki upesi. Ndipo anakatiwa tundu lake, na kulitandika hakuruhusiwi kabla hujamtazama mgonjwa mzima.

Mimi nilirudi kwenye mlango wangu. Ndiyo, bado ni Sikio la Kushoto, na mtu akinichezea mlio wa nne tutakosana. Jina langu Bi Mkasi hajalipata bado, amepekua majora yote. Nimemwambia asihangaike, ninalo la kutumia, Baba Zamaradi.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, saa ambayo haijawahi kufika kwangu, nilimkuta Zamaradi ameketi mwenyewe kitandani, bakuli la mchicha na maini amelimaliza, viganja vina rangi. Nilisita mlangoni. Ana mvi, mimi sina. Sikujua nani amwamkie nani, na mdomo wangu ukaanza wenyewe, "Shika…"

"Baba!" akanicheka mpaka akashika ubavu. "Acha vituko. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikavuta kigoda. Shuka langu lilikuwa begani, nikaliacha hukohuko.

"Umeamkaje?"

Akanitazama kwanza, kuona kama nauliza kweli. Kisha akavuta pumzi, akajiweka sawa, akaanza na miguu.